Behewa Lililosimama

Kwenye maonyesho ya kilimo ya mwaka 1966 mjini Kisumu, behewa la Fundi Walubengo liligeuzwa juu chini mbele ya umati, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Wapo wanaosema ilianza baadaye, siku ya msiba. Na waseme. Mimi nasema ilianza pale chini ya turubai, kati ya mahindi yaliyopewa zawadi na kuku wa kizungu.

Walubengo alikuwa seremala, Mbukusu mfupi mwenye mabega mapana, aliyekuja Kisumu kabla ya uhuru na kupata kazi katika karakana ya samani karibu na soko la Kibuye. Mchana alitengeneza vitanda. Jioni, na Jumapili baada ya kanisa, alikaa nyumbani kwake Obunga akitengeneza gari moshi. Si la kuchezea watoto, tafadhali. Ukilisema hilo neno alinuna mpaka kesho yake. Alitengeneza treni ndogo iliyofanana na ile kubwa inayokwenda Nairobi, nusu inchi kwa kila futi, na alitaka jambo moja tu: mtu akiinama na kufumba jicho moja asijue kama anatazama kitu cha mezani au kitu cha kwenye reli. Mkewe Metrine alishazoea. Alipika kwenye kona moja, na kwenye kona nyingine kulikuwa na stesheni.

Majaribio ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Injini aliikata kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, na magurudumu yalikuwa vifuniko vya soda. Aliyecheka kuliko wote ni rafiki yake Ogola, Mjaluo wa upande wa Awasi, aliyefanya kazi katika yadi ya reli. Ogola alikuwa mtu wa kuunga mabehewa na kuyaachanisha. Injini ikisukuma, yeye ndiye anayeingia katikati kutengeneza kiungio kikikataa kushika. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na alipenda chai ya Metrine.

"Omera," alimwambia Walubengo siku ya kwanza, akimwita ndugu kwa Kijaluo, "hii injini yako imevaa sahani. Gurudumu ya reli iko na ukingo kwa ndani, ndio inaishika isianguke. Hii yako ikipata kona inaenda ziwani."

Basi Walubengo akatupa vifuniko vya soda. Akaomba mashine ya kukereza mbao ya rafiki mmoja, akakereza magurudumu ya mti mgumu, kila moja na ukingo wake. Kisha akaona ribiti, zile pini zinazounga vyuma. Injini kubwa ina maelfu ya ribiti, na yake ilikuwa laini kama sufuria mpya. Akajifunza kulilaza bati kwenye mbao laini na kuligonga kwa ncha ya msumari kutoka nyuma, tone baada ya tone, mpaka upande wa mbele ukatoka vipele vilivyopangwa mstari. Akaona rangi. Alikuwa ameipaka injini nyekundu ya kung'aa, na Ogola akamuuliza ni lini aliona injini iliyotoka kanisani. Akachanganya masizi ya jikoni na vumbi, akaipaka juu ya ile nyekundu, akaifuta kwa kitambaa, na hapo injini ikapata umri. Kila Jumapili Ogola alikuja, akatazama, akapata kosa, na Walubengo akalirekebisha. Walikuwa na furaha, ukiniuliza mimi. Mke wa Ogola, Anyango, ndiye hakuwa na furaha sana, maana paa lake lilivuja na mume wake siku ya mapumziko alikuwa Obunga akihesabu ribiti za mtu mwingine.

Ndipo yakaja maonyesho. Walubengo alipeleka injini na mabehewa matatu, akayapanga mezani, na watu wakajaa. Alisimama nyuma ya meza katika koti lake la harusi. Akaja mzee mmoja Mhindi, aliyestaafu kazi ya karakana za treni, akainama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasifu ribiti. Halafu akanyoosha mkono, akachukua behewa la mizigo, akaligeuza.

Chini palikuwa na ubao mtupu uliopigwa randa vizuri, na misumari minne. Hapakuwa na breki wala vyuma vyake, hapakuwa na kitu. Mzee akacheka, si kwa ubaya, akasema kwa sauti ya kusikika, "Juu gari moshi, chini kitanda."

Umati ukaangua kicheko. Kufika Jumatatu, karakana nzima ilikuwa ikimwita Fundi Kitanda, na jina hilo lilifika Obunga kabla yake. Mtu mwingine angecheka nao. Walubengo hakuweza. Aliona haya kama mtu aliyevuliwa suruali sokoni, na usingizini aliuona ule mkono ukiligeuza behewa tena na tena.

Tangu hapo akawa na neno moja: chini. Alitaka kujua chini ya behewa kuna nini, kila fimbo na kila pingili, kwa vipimo. Kutoka kwenye uzio wa yadi aliona giza tu. Alimsihi Ogola ampimie. Ogola akakataa, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Chini ya gari siingii kama hakuna kazi," alisema. "Gari ya reli haikai. Saa yoyote injini inaigonga huko mwisho, na wewe uko chini na futi yako. Hapana, omera. Ngoja siku iko behewa imesimama kabisa, nitakuita."

Walubengo akangoja. Alipomwona Ogola alimuuliza, akamuuliza tena, mpaka Ogola akaanza kumkwepa kidogo, na bado alikuja Jumapili kunywa chai.

Mwezi wa nne mwaka 1967, asubuhi moja, Ogola alibanwa kati ya mabehewa mawili akafa. Kiungio kilikataa kushika, akaingia kukitengeneza, mguu ukateleza wakati injini inasukuma. Habari zilifika karakana ya samani kwa mdomo wa mwenye baiskeli. Alieleza yote: kwamba behewa la mbele limevutwa, lile la nyuma limeachwa palepale, limefungwa breki na kuwekewa bendera nyekundu, na hakuna ruhusa ya kuligusa mpaka wakubwa watoke Nairobi kuja kuliangalia.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe. Walubengo alimpenda Ogola. Moyo ulimwuma, akakaa juu ya rundo la mbao. Lakini kabla machozi hayajafika, kabla hata hajauliza maiti iko wapi, wazo moja lilipita kichwani mwake, na yeye mwenyewe alilisikia kana kwamba limesemwa na mtu aliye kando yake: limesimama.

Alilifukuza. Likarudi. Kesho yake asubuhi alijiambia kwamba anakwenda kuona mahali rafiki yake alipofia, na ndivyo alivyomwambia askari wa lango la yadi. Askari alimjua, akamwonea huruma, akamfungulia. Walubengo alikuwa na futi ya kukunja mfukoni. Alijiambia kwamba fundi siku zote ana futi mfukoni, na hilo lilikuwa kweli.

Alisimama kando ya behewa kwa muda akiwa ameshika kofia. Alijaribu kuomba. Kisha akatazama huku na huku, akalala kwa tumbo juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, akatambaa mpaka chini. Pale palikuwa na kila kitu. Palikuwa na fimbo ya breki iliyopinda mara moja, si mara mbili kama alivyokuwa amedhani. Palikuwa na silinda ndogo, na minyororo, na vyuma viwili vya kushikilia sakafu vilivyopishana. Alipima, akaandika kwenye kipande cha mbao, akapima tena. Nataka mjue kwamba alikuwa na furaha. Mimi sikuwapo, lakini mwenyewe alikumbuka hivyo maisha yake yote, na hicho ndicho kilichomla.

Karibu na kiungio, magoti yake yalinata. Taruma moja lilikuwa limelowa molasi, iliyovuja kutoka behewa fulani lililopita, nyeusi na nzito, bado ina utelezi. Katikati ya ile molasi ulipita mkwaruzo mrefu wa kisigino cha buti, ulionyooka, ukaishia kwenye mawe. Aliuona. Alielewa palepale ni buti la nani na kwamba mtu yeyote, hata awe mwangalifu vipi, angeteleza pale. Aliuelewa kama unavyoelewa saa ukutani huku unafanya kazi nyingine. Kisha akapima upana wa kiungio.

Ndipo akasikia wimbo. Kwao Ogola, mtu akifa kwa ajali mbali na nyumbani, haitoshi kubeba mwili. Jamaa huenda mahali penyewe, wakamwita kwa jina, wakachukua udongo kidogo, wakarudi naye nyumbani asije akabaki anatangatanga. Walubengo hakulijua hilo. Kwao Bungoma hakuwahi kuliona. Aliona miguu mingi inakuja kando ya reli, matawi yanaburutwa, fimbo za wanaume, na akashtuka akainua kichwa, akagonga paji la uso kwenye ile fimbo ya breki kwa nguvu. Machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kugonga chuma.

Wimbo ukakatika. Mtu wa kwanza kuinama alikuwa Anyango mwenyewe, mjane, aliyekuwa mbele. Walitazamana. Walubengo alikuwa amelala juu ya mawe, uso una masizi na machozi, futi ameisukuma ndani ya mkono wa shati. Nyuma ya Anyango, Ouma, mdogo wake Ogola, alikuwa akiuliza kwa ukali ni nani huyo na anafanya nini pale, fimbo yake ikiwa tayari juu. Anyango alimtazama Walubengo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akageuka, akawaambia watu kwa Kijaluo kwamba ni yule rafiki Mbukusu, kwamba analia, na wamwache.

Wanawake wakapiga kelele ya kilio. Ouma akashusha fimbo, akaingia chini mwenyewe, akamkumbatia, akamtoa. Udongo ukachukuliwa mbele yake. Wakamshika mikono, huku na huku, wakatoka naye langoni wakiimba, na kile kipande cha mbao chenye vipimo kilikuwa kinamkwaruza kifuani ndani ya shati. Mchana ule mvua ya ziwani ikanyesha, ikaosha kila kitu, na wakubwa walipofika hawakukuta lolote la kusema isipokuwa kwamba ilikuwa ajali.

Kwenye mazishi, huko nyumbani karibu na Awasi, walimkalisha na ndugu wa marehemu. Ouma alisimama akasimulia jinsi walivyomkuta mtu wa kabila lingine amejilaza juu ya mawe akilia peke yake, wakati watu wa damu walikuwa bado njiani. Walubengo aliinamisha kichwa. Wakaona ni majonzi.

Baada ya hapo akasimama mama yake Ogola, Mama Dorca, na yeye hakuwa na sifa za kumpa mtu. Alisema mwanawe alijua kazi yake. Alisema mwanawe hakuwahi kuteleza miaka yote hiyo. Lakini asubuhi ile majirani wao wa mjini walisikia kelele ndani ya nyumba, na mwanawe akatoka bila chai, na maneno ya mke yakiwa bado masikioni. Alienda kazini miguu tu. Akili iliachwa mlangoni inagombana. Hakumtaja Anyango kwa jina. Hakuhitaji. Watu wote walimgeukia.

Na ugomvi wenyewe ulihusu nini? Ulihusu paa, na Jumapili, na gari moshi la Walubengo.

Angeweza kusimama wakati ule. Mdomo ulifunguka. Angesema kulikuwa na molasi, kulikuwa na alama ya kisigino, hata malaika angeteleza. Lakini wangemuuliza aliionaje, naye alikuwa amelala pale akilia, uso kwenye mawe. Mtu anayelia haoni urefu wa mkwaruzo. Akaufunga mdomo. Alijiambia atamwambia mama peke yake, faraghani, mambo yakitulia.

Mambo hayakutulia kwa namna hiyo. Mama Dorca hakula tena chakula kilichopikwa na mkono wa Anyango. Baada ya mazishi waliishi boma moja, mlango ukitazamana na mlango, na kikongwe yule alipikiwa na watoto wa jirani. Anyango alibaki pale kama mke wa boma, akilima, akiuza mboga, na kila mtu aliyemsalimu alimsalimu huku anajua.

Walubengo naye alitengeneza behewa. Hilo ndilo gumu kulisamehe, na sitajaribu. Aliweka kile kipande cha mbao chini ya kitanda kwa miezi, akaapa atakichoma, kisha jioni moja akakitoa. Alitengeneza kila fimbo na kila pingili, minyororo ya waya, silinda ya ganda la risasi iliyotumika, viungio vinavyofunguka na kushika kama vya kweli. Kwenye maonyesho yaliyofuata yule mzee Mhindi aliligeuza, akaita wenzake waje watazame. Hakukuwa tena na Fundi Kitanda. Walubengo alipokea pongezi huku akitokwa na jasho mgongoni, na alipofika nyumbani aliligeuza behewa litazame ukuta. Metrine alimuuliza ana nini, akasema ni mafua. Hakuweza kulitazama, na hakuweza kulivunja, maana lilikuwa kitu bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza kwa mikono yake, na alijua.

Siku za soko Anyango alipokuja mjini hakukosa kupita Obunga. Alimwita shemeji. Alikunywa chai, akaongea na Metrine habari za watoto na mvua, kisha akakaa zaidi kidogo ya chai ilivyohitaji, akimtazama Walubengo. "Shemeji, kuna neno?" alikuwa akiuliza. Walubengo alijibu hakuna, wako salama. Alidhani ni salamu tu. Au alitaka kudhani hivyo, maana kila Anyango alipoondoka yeye alijikuta anapumua kwa nafuu. Na alipoalikwa Awasi kwenye kumbukumbu ya marehemu alijaribu kukataa, akasema hastahili, na wao wakazidi kumpenda kwa unyenyekevu wake.

Miaka ikaenda. Injini za moshi zikaanza kupungua, za dizeli zikaingia, na Walubengo akapata mvi. Mwaka 1975 Mama Dorca akafa. Walubengo alihudhuria mazishi, akakaa mahali pake pale pale pa ndugu, na wiki iliyofuata Anyango akaja Obunga. Haikuwa siku ya soko, na hakuwa na kikapu.

Aliomba aonyeshwe gari moshi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliangalia. Walubengo akaiweka mezani injini, akaweka mabehewa mawili. Anyango hakuitazama injini. Alichukua lile behewa, akaligeuza, akapitisha kidole polepole juu ya fimbo za breki.

"Nionyeshe," alisema. "Alisimama wapi?"

Walubengo akamwonyesha. Aliyaunganisha mabehewa, akaonyesha mahali mtu anaposimama kiungio kikikataa, mahali mguu unapokaa. Kisha ikamtoka yote. Alisema molasi, alisema alama ya kisigino na urefu wake, alisema mvua. Alisema hakuwa analia siku ile, alikuwa anapima. Alipomaliza alikuwa ameshika ukingo wa meza, na alitamani Anyango apige kelele.

"Hiyo ya kupima najua," Anyango alisema. "Ulikuwa na penseli kwa sikio. Mtu hawezi lia na penseli kwa sikio."

Metrine, aliyekuwa jikoni, aliacha kukoroga.

Anyango akaendelea kwa sauti ileile ya chini. Siku ile alimwona Ouma na fimbo yake, akaona watamuua mtu pale pale, na roho ya mume wake isingepata kuitwa kwa amani. Ndiyo sababu alisema analia. Halafu kwenye mazishi alipomsikia mama mkwe, alijiambia kwamba huyu Mbukusu aliangalia. Wengine wote walifunika macho, yeye aliangalia vizuri na penseli sikioni. Kama kuna kitu pale, yeye anacho. Basi akaja kunywa chai, na akaja tena.

"Nilikuwa nauliza kama kuna neno," alisema. "Unasema hakuna. Nikasema basi pengine kweli ni mimi."

Walubengo akasema atakwenda Awasi. Atawaambia wote, kesho, Jumapili, wakati wowote atakaotaka. Anyango akaliweka behewa chini, magurudumu juu ya reli.

"Utaambia nani? Mama alikuwa anatafuta sababu ya kunisamehe. Alikuwa anatafuta sana, nilimwona. Yeye angeamini, na tumemzika Jumamosi." Akakaza leso. "Na mimi siwezi kukusaidia. Nilisema uongo wakati tunamwita Ogola. Nikisema leo, watanitoa boma."

Alienda zake bila kumaliza chai. Walubengo alitaka kumsindikiza mpaka barabarani kama ilivyo kawaida, lakini aliishia mlangoni.

Jumapili akapanda basi na lile behewa amelifunga kwa kitambaa. Alikwenda hata hivyo, na kwa hilo tu nampa haki yake. Aliwakuta Ouma na wazee wawili watatu wa boma, akaomba wakae, akalifungua behewa juu ya meza. Alisimama, hakukaa. Aliwaambia kila kitu kwa mpangilio, kama mtu aliyefanya mazoezi njia nzima: wazo lililompitia siku ya kwanza, uongo wa langoni, futi, penseli, furaha yake, molasi, kisigino. Aliwaonyesha kwenye behewa mguu ulipokuwa na ulipokwenda. Alisema mke wa Ogola hakuwa na kosa lolote na kwamba yeye amekaa kimya miaka minane kwa kuogopa aibu.

Ouma alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Alipokiondoa, macho yake yalikuwa mekundu.

"Wazee, mumesikia?" alisema. "Huyu mtu tulimpata chini ya gari analia, mimi mwenyewe nilimtoa na hii mikono. Leo anakubali ajipake matope mbele yetu ili mjane wa ndugu yangu apate amani, kwa sababu mama ameenda. Nani kwetu hapa anaweza fanya hivyo?"

Walubengo akasema hapana, hawajamwelewa. Alirudia habari ya penseli. Akarudia kwamba alikuwa na furaha. Mzee mmoja alimpiga bega taratibu, akamwambia inatosha, wamemsikia, na yale maneno ya marehemu mama wamekwisha kuyazika naye, hakuna haja ya kutunga kitu. Kadiri alivyokazana ndivyo walivyozidi kumtazama kwa upendo. Akaona wanapitishiana behewa, wanaligeuza, wanashangaa. Mtu akasema Walubengo alikuwa amemtengenezea marehemu kumbukumbu miaka yote hiyo bila kujisifu. Ouma akalipokea kwa mikono miwili, akalipeleka kabatini, akaliweka chini ya picha ya Ogola.

Anyango alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Walubengo alimtazama. Neno lake moja tu lingetosha kumvua ile sifa, na lingemtoa Anyango katika boma lake. Anyango hakusema kitu.

Ouma akaagiza kuku achinjwe kwa ajili ya mgeni. Anyango ndiye aliyemkamata, ndiye aliyempika, na walipoketi ndiye aliyeleta birika na beseni, akapiga goti, akammiminia maji mikononi mpaka ikatakata. Akaweka sahani mbele yake. Firigisi ilikuwa juu, sehemu ya mtu anayeheshimiwa.

"Kula, shemeji," alisema.

Wanaume wote walikuwa wanamngoja yeye aanze. Walubengo akaichukua firigisi, akala.